Kabla hujauza dhahabu kwa sindano ya goti: Punje zinazoita seli ni kitu gani?

Wiki tatu kabla ya Ramadhani iliyopita, shangazi yangu anayeishi Kibokoni alinipigia simu na swali ambalo sikulitarajia. "Mwanangu, wewe si mwalimu wa kemia? Hebu niambie, polima ni nini?"

Shangazi ana miaka 67. Kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akiamka kabla ya alfajiri kupika mahamri na mbaazi za nazi na kuuza pale pale mlangoni pake. Kazi hiyo ilisomesha watoto wanne. Sasa magoti yamemkataa. Hawezi kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, ngazi huzipanda kwa kushika ukuta, na tangu mwaka juzi huswali akiwa kwenye kiti.

Kumbe jamaa mmoja alikuwa ametuma tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp la familia. Sindano tatu za goti kwa shilingi 90,000, zenye "punje za polima zinazoita seli". Goti jipya kwa siku 21, bila upasuaji. Shangazi alikuwa keshatoa bangili zake mbili za dhahabu sandukuni, anangoja mtu wa kumsindikiza kwa sonara.

Nilimwomba anipe siku tatu. Nikalifungua lile tangazo nikitarajia kukuta upuuzi mtupu. Sikuukuta. Palikuwa na picha ya punje nyeupe za duara iliyopigwa kwa hadubini, jina la Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, na picha ya kondoo. Utafiti huo upo kweli. Punje hizo zipo kweli. Na hapo ndipo nilipoona nina kazi, kwa sababu uongo mtupu haukawii kujulikana, lakini ukweli uliokatwa nusu huuzika kama mahamri ya asubuhi.

Basi, ndugu msomaji, acha nikueleze nusu iliyoonyeshwa kwenye tangazo, kisha nusu iliyofichwa.

Mwili una mbiu yake

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwili nao una mbiu yake. Ukijikata kidole ukimenya muhogo, sehemu iliyoumia humwaga protini fulani ambazo kazi yake ni kuita. Mojawapo huitwa SDF-1. Seli zinazohitajika kwa ukarabati, zikiwemo seli shina zilizomo ndani ya uboho wa mifupa, zina vipokezi vya kuihisi protini hiyo. Seli shina ni zile ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta kutegemea zitakavyoagizwa.

Seli haina macho. Inakwenda kule ambako protini imezidi kuwa nyingi, hatua kwa hatua. Ni kama mtu anayepita vichochoro vya Mji wa Kale jioni akisikia harufu ya viazi karai. Haoni meza ya muuzaji, lakini kila akipiga kona harufu inazidi, na mwisho anajikuta amesimama mbele ya karai.

Kwa ngozi na mifupa mbiu hii hufanya kazi vizuri. Mfupa uliovunjika ukifungwa sawasawa huunga. Tatizo liko kwenye gegedu, ile nyama ngumu, laini na ya kuteleza inayofunika ncha za mifupa kwenye maungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Ndani ya goti kuna pia pedi mbili zenye umbo la hilali, kazi yake kupokea uzito wetu tunapotembea. Pedi hizo hupata damu kwenye ukingo wa nje tu. Upande wa ndani haupati. Likichanika eneo lisilo na damu, mbiu hulia ndani ya chumba kisicho na mlango. Mafundi hawaji. Ndiyo maana mchezaji aliyeumia goti akiwa na miaka 20 huenda akaanza kulalamika tena akiwa na miaka 45.

Kupeleka mafundi au kuwaita?

Mwaka 1993 Robert Langer, mhandisi wa kemia, na daktari wa upasuaji Joseph Vacanti walichapisha makala katika jarida la Science iliyoupa umaarufu uwanja unaoitwa uhandisi wa tishu. Wazo lilikuwa hili: chukua seli za mgonjwa, zikuze maabara juu ya kiunzi chenye umbo la kiungo unachokitaka, kisha upachike kiunzi hicho mwilini.

Wazo ni zuri, lakini njia ni ghali. Seli hutolewa kwa mgonjwa, hukuzwa kwa wiki kadhaa kwenye chumba kisafi kupita kawaida, hulindwa zisiingie vijidudu, kisha mgonjwa hurudi kupachikwa. Nyingi hufa zikishaingia mwilini. Kwa hospitali zetu nyingi, hiyo ni hadithi ya mbali.

Ndipo baadhi ya watafiti wakauliza swali jepesi. Kama mwili una mafundi wake, kwa nini tuwalete kutoka nje? Kwa nini tusipige mbiu mahali pale paliponyamaza?

Jibu la haraka lingekuwa kudunga ile protini ndani ya goti yakaisha. Lakini protini ikidungwa peke yake haikai. Majimaji ya mwili huisomba na vimeng'enya huikatakata ndani ya muda mfupi, wakati seli zinahitaji siku na wiki kufika na kutulia. Ukiongeza kipimo ili kufidia, unaingia kwenye balaa jingine.

Mfano upo. Mwaka 1965 daktari Marshall Urist wa Marekani aligundua kwamba ndani ya mfupa mna kitu kinachoweza kuamuru mfupa mpya uote. Kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa ni protini zinazoitwa BMP. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu moja ya protini hizo itumike kwenye upasuaji wa mgongo, ikiwa imelowekwa kwenye sifongo. Ili ifanye kazi ilibidi itumike kwa kipimo kikubwa kuliko kile kinachopatikana mwilini kwa kawaida. Kufikia mwaka 2008 FDA ilikuwa ikiwaonya madaktari kwamba wagonjwa waliowekewa protini hiyo shingoni, matumizi ambayo hayakuwa yameidhinishwa, walikuwa wakivimba kiasi cha kuhatarisha pumzi.

Kinachohitajika ni kidogo kidogo, kwa muda mrefu, mahali pamoja. Mwenye kujua kufukiza udi anaelewa. Ukimwaga udi wote kwenye chetezo kwa mara moja, nyumba inajaa moshi, watu wanakohoa, na baada ya nusu saa hakuna harufu. Ukiweka kipande kimoja kimoja, nyumba inanukia mpaka usiku. Punje za polima ndizo zinazofanya kazi ya kuweka kipande kimoja kimoja.

Punje hutengenezwa vipi?

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana, kama shanga kwenye uzi. Plastiki ya ndoo ni polima. Lakini si kila polima hukaa milele. Inayotumika sana kwenye punje hizi inaitwa PLGA, na shanga zake ni za aina mbili: asidi laktiki, ile ile inayoyapa maziwa lala uchachu wake, na asidi glikoliki, ambayo hupatikana pia kwenye miwa. Ikikaa mwilini, maji huukata mnyororo huo taratibu, na mabaki yake hutoka kama hewa ya kaboni tunayopumua nje na maji. Mafundi wa kemia wakiongeza shanga za asidi laktiki, punje huchelewa kuyeyuka. Wakisawazisha nusu kwa nusu, huyeyuka upesi zaidi. Kwa hiyo wanaweza kupanga punje iishe baada ya wiki chache au baada ya miezi.

Huenda umeshabeba polima ya ukoo huu mwilini bila kujua. Nyuzi za upasuaji zinazoyeyuka zenyewe, ambazo zimetumika tangu miaka ya 1970, hutengenezwa kwa asidi hizo hizo.

Sasa protini huingiaje ndani ya punje? Hapa ningependa uingie jikoni kwa shangazi. Ukikuna nazi ukakamua tui, unachokiona cheupe ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Mafuta na maji hayapatani, lakini protini za nazi yenyewe huyazuia matone yasiungane upesi. Maabara hufanya kazi inayofanana na hiyo, tena mara mbili.

Kwanza protini huyeyushwa kwenye maji kidogo. PLGA nayo huyeyushwa kwenye kimiminika kisichochanganyika na maji. Viwili hivyo hutikiswa kwa nguvu mpaka maji yenye protini yawe matone madogo ndani ya polima. Kisha mchanganyiko huo humiminwa kwenye maji mengi yaliyotiwa kitu mfano wa gundi nyepesi, na kukorogwa. Polima sasa inakuwa matone ndani ya maji, na kila tone limebeba vitone vya protini tumboni mwake. Korogo likiendelea kwa saa kadhaa, kile kimiminika cha kuyeyushia huvukizwa, na matone hugeuka kuwa punje ngumu. Huoshwa, hukaushwa kwa baridi, na mwisho unabaki na unga mweupe.

Wataalamu huziita maikrosfia. Ukubwa wake hutofautiana kutegemea kasi ya kukoroga, lakini nyingi ni ndogo kuliko unene wa unywele, au zinaukaribia. Zikiwa ndani ya mwili, protini huanza kuchuruzika kupitia vijitundu, kisha punje inavyoliwa na maji, iliyobaki nayo hutoka.

Si kazi rahisi kama inavyosikika. Protini ni kama ute wa yai. Ukiitendea vibaya huganda na haifai tena, na kimiminika cha kuyeyushia kinaweza kuiharibu. Asidi inayobaki punje inapoyeyuka nayo huweza kuiharibu. Isitoshe, mara nyingi sehemu kubwa ya protini hutoka siku ya kwanza kwa kishindo, kinyume cha kilichokusudiwa. Watafiti wamepoteza miaka mingi kwenye mambo hayo matatu.

Sungura walitembea, kondoo wakafuata

Mwaka 2010 kundi lililoongozwa na Profesa Jeremy Mao wa Columbia lilichapisha matokeo yake kwenye jarida la Lancet. Walitoa uso wote wa gegedu kwenye bega la mguu wa mbele wa sungura, wakaweka mahali pake kiunzi kilichochapishwa kwa printa inayojenga vitu badala ya maandishi. Hawakutia seli hata moja. Baadhi ya viunzi vilitiwa protini iitwayo TGFβ3 ndani ya jeli, vingine havikutiwa. Sungura waliopewa protini walirudi kutembea na kubeba uzito kikamilifu ndani ya wiki tatu hadi nne. Wale walioachwa na jeraha bila kiunzi walichechemea. Baada ya miezi minne, gegedu lililoota kwenye viunzi vyenye protini lilikuwa limevuta seli zaidi kwa asilimia 130 kuliko viunzi visivyo nayo. Seli hizo zilitoka kwa sungura mwenyewe. Ziliitwa, zikaja.

Mwaka 2014 kundi hilo likahamia kwa kondoo, mnyama ambaye goti lake linafanana kiasi na letu, na safari hii maikrosfia ndizo zilizobeba mbiu. Utafiti ulitoka kwenye jarida la Science Translational Medicine. Kondoo walikatwa sehemu ya ile pedi yenye umbo la hilali. Wakawekewa kiunzi chenye umbo la pedi, kimejazwa punje za PLGA za aina mbili. Aina moja ilibeba protini ya CTGF, ya kusaidia kujenga upande wa nje ulio mgumu kama kamba. Nyingine ilibeba TGFβ3, ya kujenga upande wa ndani ulio laini zaidi, na hii ilipangwa itoke polepole. Kwa maneno mengine, mbiu mbili zilipigwa, kila moja kwa zamu yake na mahali pake. Baada ya miezi mitatu, kondoo waliotibiwa hivyo walikuwa wakitembea kawaida, na pedi iliyoota ilikaribiana na ya asili kwa umbo na kwa uimara.

Mbiu si ya kuita wajenzi peke yao. Mwaka 2013 kundi la Steven Little wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh lilitumia punje zenye protini ya CCL22 kwenye fizi zilizougua za panya na mbwa. Protini hiyo huita seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza, mfano wa wazee wanaoingia kati mtaa unapogombana. Uvimbe ulipungua, na mfupa unaoshikilia meno ukaliwa kidogo zaidi kuliko kwa wanyama wasiotibiwa.

Kusema kweli, niliposoma kazi hizi nilifurahi. Ni sayansi nzuri, na siku moja huenda ikatufaa sana sisi tusio na maabara za kukuza seli, maana unga mkavu ndani ya chupa husafiri vizuri kuliko seli hai.

Kilichopo hospitalini leo

Punje za PLGA tayari ni dawa halali, lakini angalia zinabeba nini. Tangu mwaka 1989 kuna sindano ya punje hizi nchini Marekani iliyobeba homoni ya kutibu saratani ya tezi dume, ili mgonjwa adungwe mara chache badala ya kila siku. Mwaka 2017 FDA iliidhinisha nyingine iitwayo Zilretta, ya kudungwa ndani ya goti lenye gegedu lililosagika.

Hii ya pili ndiyo inayochanganya watu. Ni punje za polima, zinaingia gotini, na zimeidhinishwa. Lakini zimebeba steroidi, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe kwa muda wa wiki kadhaa. Haziiti seli. Haziotishi gegedu. Anayekwambia kwamba punje za polima zimeruhusiwa kwa goti hasemi uongo. Anakuachia wewe umalizie sentensi vibaya.

Nusu iliyofichwa

Turudi kwenye tangazo la shangazi. Nililinganisha maneno yake na utafiti wenyewe, na nikaona mambo manne yaliyoachwa nje.

La kwanza, kondoo walipasuliwa. Punje zilikuwa ndani ya kiunzi kilichopachikwa na madaktari. Hakuna aliyedunga sindano akamwambia kondoo aende nyumbani.

La pili, kondoo walikuwa na afya, na jeraha lao lilikuwa jipya, limekatwa kwa kisu mahali pamoja. Goti la mtu wa miaka 67 lililosagika kwa miaka 30 ni jambo lingine. Gegedu limeisha mahali pengi, mfupa umebadilika, na goti zima lina uvimbe. Hata mbiu ikilia, mafundi wanafika kwenye nyumba inayowaka moto.

La tatu, wanyama si watu. Kati ya kondoo na mgonjwa kuna majaribio ya usalama, kisha ya kipimo, kisha ya kulinganisha mamia ya wagonjwa. Safari hiyo huchukua miaka, na dawa nyingi huanguka njiani. FDA yenyewe imewaonya watu waziwazi kwamba hakuna tiba ya seli shina iliyoidhinishwa kwa maradhi ya viungo kama kusagika kwa magoti.

La nne, siku 21 hazikutoka popote kwenye utafiti huo.

Nilipiga namba iliyokuwa kwenye tangazo. Nikauliza kwa adabu, protini iliyomo ndani ya punje ni ipi? Kijana aliyepokea akasema ni siri ya kampuni. Nikauliza imesajiliwa wapi. Akasema ipo njiani kusajiliwa. Nikauliza kama aliyepona anaweza kuonyesha picha ya MRI ya kabla na ya baada. Akanitumia video ya mzee akiruka kamba.

Huenda ukasema, basi, likishindikana si ni pesa tu? La. Mwaka 2011, kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Karolinska kule Stockholm, daktari Paolo Macchiarini alimwekea kijana wa Eritrea, aliyekuwa mwanafunzi nchini Iceland, koo la hewa la polima lililotiwa seli shina zake mwenyewe. Dunia nzima ilishangilia. Hakukuwa na majaribio ya wanyama ya kutosha kabla yake. Koo lile halikugeuka kuwa tishu hai kama ilivyoahidiwa. Kijana alifariki mwaka 2014, na wagonjwa wengine wawili waliofanyiwa hivyo Sweden nao wakafariki. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Ikiwa hospitali yenye sifa kama ile iliweza kutangulia mbele ya ushahidi, je, chumba cha kukodi kisicho na kibao mlangoni?

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Simkatazi mtu kutafuta tiba. Maumivu ya goti si mchezo, na anayelala nayo ndiye anayeyajua. Ninachoomba ni kwamba tuulize kwanza, na tuulize bila haya.

Uliza jina la dawa iliyomo kwenye sindano, kisha uhakikishe kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Dawa isiyotajika jina haiwezi kukaguliwa, na ukipata madhara daktari wa zamu hatajua aanzie wapi.

Uliza jina kamili la daktari na la kliniki, uangalie kama wapo kwenye orodha ya baraza linalosajili madaktari, KMPDC. Orodha hiyo iko wazi kwenye intaneti. Mwambie mtoto wa shule akusaidie.

Wakisema ni utafiti, uliza kamati gani ya maadili imeuruhusu na uombe karatasi ya ridhaa uende nayo nyumbani ukaisome. Kwa kawaida, mtu anayejaribiwa dawa mpya halipishwi dawa hiyo. Ukiambiwa ni majaribio na papo hapo unatakiwa utoe 90,000, umegeuzwa kuwa sungura anayejinunulia kiunzi.

Uliza pia ni nini kimeshathibitika kwa hali yako. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, dawa za maumivu kwa kipimo cha daktari, na kwa waliofika mbali, kubadilishiwa goti kwa upasuaji. Hayana mvuto wa video ya mzee anayeruka kamba, lakini yamepimwa kwa watu.

Na kwa sisi wenye simu kubwa na elimu kidogo: tusirushe tangazo kwenye kundi la familia kwa nia njema halafu tukanyamaza. Mama zetu na shangazi zetu wanatuamini. Likitoka kwako, kwao limeshathibitishwa.

Siku ya tatu nilikwenda Kibokoni. Nikamweleza shangazi yote haya, tui na udi na sungura na kondoo. Alinisikiliza vizuri kuliko kidato cha tatu wanavyonisikiliza. Mwisho akauliza swali ambalo tangazo halikulijibu, wala mimi sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na hao kondoo waliopona, sasa wako wapi?"

Nikamwambia ukweli. Ili kuipima pedi iliyoota, watafiti walilazimika kuwaua wale kondoo na kuyafungua magoti.

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Basi mimi nina haraka gani? Watangulie wengine."

Bangili zimerudi sandukuni. Siku hizi anahudhuria mazoezi ya viungo hospitalini mara mbili kwa wiki, na mjukuu ndiye anayekuna nazi. Bado anaswali kwenye kiti, na ngazi bado anazilaumu, ingawa anasema sasa huzipanda bila kusimama katikati. Juzi aliniuliza tena kuhusu zile punje, kama kuna jipya. Nilimwambia bado wanaendelea nazo, na kwamba siku zikifika kwa watu, nitampigia mbiu mwenyewe.